Sabuni ya kutengeneza nyumbani: Pima kwa mizani, si kwa kikombe



Katika safu yetu ya wiki hii nimeona tuzungumzie sabuni, tena si sabuni ya kununua dukani bali ile ya kutengeneza kwa mikono yetu wenyewe. Akina mama wengi hivi sasa wamo kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na kazi ya kwanza ambayo vikundi hivyo hufundishwa ni kutengeneza sabuni. Hilo ni jambo jema, na mimi si katika wanaolipinga. Linalonitia wasiwasi ni ile karatasi wanayorudi nayo nyumbani baada ya mafunzo ya siku moja, yenye maneno kama haya: "kostiki kikombe kimoja, mafuta vikombe vinne, koroga mpaka ishike." Kikombe kipi? Cha chai au cha bati? Mafuta yapi? Karatasi haisemi.

Nianze na tukio lililonifanya nishike kalamu. Katika mtaa ninaoishi kipo kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni uani kila baada ya wiki mbili. Siku moja maji ya kostiki yakabaki, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa ya kutotupa mali, akayatia kwenye chupa tupu ya maji ya dukani, akaiweka chini ya meza. Maji ya kostiki yakishapoa hayana rangi wala harufu. Mtoto wa miaka mitatu akarudi kutoka kucheza juani, ana kiu, akaiona chupa ya maji. Alikunywa funda moja tu. Alhamdulillah hakufa. Lakini lile funda liliunguza njia ya chakula, pakafanya kovu, na kovu likiponya hubana. Kwa muda mrefu mtoto yule hakuweza kumeza kitu kizito kuliko uji, na wazazi wake wamekuwa wakimpeleka hospitali mara kwa mara ili njia ile ipanuliwe.

Mama aliyeiweka chupa ile ni mtu makini, mwenye watoto na wajukuu. Hakuna aliyemwambia, basi. Hivyo, ndugu msomaji, tusome somo hili taratibu kuanzia mwanzo, na hata wewe ambaye huna mpango wa kutengeneza sabuni usiache kusoma, kwani huenda jirani yako anatengeneza.

Sabuni ni nini hasa?

Sabuni ni mafuta yaliyokutana na magadi makali yakageuka kuwa kitu kingine. Si mafuta tena wala si magadi tena. Magadi yanayotumika kwa sabuni ya kipande ndiyo hiyo kostiki soda, na yale ya sabuni laini au ya maji huitwa potashi. Zamani bibi zetu walichuja maji ya majivu, na majivu yana potashi ndani yake, ndiyo maana sabuni za majivu huwa laini kama lami na hazigandi vizuri. Wale wenye umri wangu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilipoadimika hapa Tanzania, watu wakafulia majani ya mpapai na majivu. Majani yale yalisaidia kidogo, lakini si sabuni.

Mabadiliko hayo yakikamilika, ndani ya sabuni hubaki pia glisirini, kitu laini chenye utamu ambacho huvuta unyevu. Viwanda vingi huitoa glisirini na kuiuza peke yake kwa ajili ya dawa na vipodozi. Sabuni ya mkono hubaki nayo yote, na hiyo ndiyo tofauti kubwa unayoisikia kwenye ngozi. Vilevile ndiyo sababu sabuni ya mkono hutoa jasho Dar es Salaam na Tanga wakati wa masika, na huyeyuka haraka ukiiacha kwenye maji. Nitalirudia hilo hapo mbele.

Ieleweke pia kwamba ile sabuni ya maji inayotengenezwa kwa salfoniki na ungaroli, inayouzwa kwenye madumu, si sabuni kwa maana hii tunayoizungumzia. Ile ni mchanganyiko wa dawa za kusafishia. Inaosha vyombo vizuri sana, lakini mtu asikuambie ni "sabuni ya asili".

Ufundi huu ni wa siku nyingi sana, na miji ya Sham ndiyo iliyoufikisha mbali. Huko Nablus, Palestina, sabuni hupikwa kwa mafuta ya zeituni, humwagwa juu ya sakafu pana, hukatwa na kupigwa mhuri kipande kimoja kimoja, kisha hupangwa kama minara mirefu yenye uwazi katikati ili upepo upite. Aleppo, Syria, huongeza mafuta ya mti uitwao ghar, na vipande huachwa vikauke kwa miezi kadhaa mpaka rangi ya nje ibadilike kutoka kijani kuwa ya dhahabu huku ndani kukibaki kijani. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika ufundi wa miji yote miwili kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nasi huku kwetu hatuko nyuma: Paje, Unguja, akina mama wanaolima mwani wamekuwa wakisaga mwani na kuutia kwenye sabuni ya nazi, na Kigoma sabuni ya mawese inajulikana kwa rangi yake.

Hesabu isiyokubali kukisia

Hapa ndipo karatasi ya kikombe inapotuangusha. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kwa kila gramu 100 za mafuta ya nazi, kostiki inayohitajika ili yote yageuke kuwa sabuni ni takriban gramu 18.3. Mawese ni gramu 14.2. Alizeti na zeituni ni kama gramu 13.5. Nyonyo ni gramu 12.8. Sasa fikiria mtu aliyefundishwa kwa mafuta ya nazi, siku moja nazi imepanda bei, akaamua kutumia alizeti kwa kipimo kilekile cha kostiki. Kwa kila kilo ya mafuta atakuwa amezidisha karibu gramu 48 za kostiki isiyo na mafuta ya kukutana nayo. Itabaki humohumo ndani ya sabuni, na itaunguza mikono ya atakayeitumia.

Hata kikombe chenyewe si kipimo. Kostiki huuzwa ya vipande bapa kama maganda na nyingine ya punje ndogo. Punje hulala vizuri kwenye kikombe zikawa nzito zaidi. Maganda huacha nafasi. Kikombe kimoja, uzito tofauti. Aidha, kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani ikajaa maji, ukidhani umepima kostiki kumbe umepima maji pia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, kabla ya mafuta na kabla ya manukato, ni mizani ndogo ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Kikundi kinaweza kuchangishana kikanunua moja. Asiyekuwa na mizani namshauri asitengeneze sabuni kabisa mpaka aipate.

Basi tuchukue mfano wa kilo moja ya mafuta. Mafuta ya nazi gramu 300, mawese gramu 500, alizeti gramu 200. Nazi hutoa povu na ugumu, mawese hufanya kipande kidumu, na alizeti hulainisha. Kostiki ya nazi: 300 mara 0.183 ni 54.9. Ya mawese: 500 mara 0.142 ni 71. Ya alizeti: 200 mara 0.135 ni 27. Jumla ni 152.9. Hapo sasa punguza asilimia 5, ili kiasi kidogo cha mafuta kibaki bila kugeuka. Hiyo ni kinga yako endapo mizani itakosea kidogo, na ndiyo inayoifanya sabuni isikaushe ngozi. Utapata gramu 145. Maji safi gramu 330, nayo yapimwe kwa mizani hiyohiyo. Ukimaliza na ikakauka utapata vipande kumi na mbili au kumi na tatu vya kama gramu 100.

Ukitaka sabuni ya nazi tupu inawezekana, tena kwa watu wa pwani ina faida moja: povu lake hutoka hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda. Wenye visima vya maji magumu wanajua jinsi sabuni nyingine zinavyogoma na kuacha utando kwenye beseni. Lakini nazi tupu hukausha sana ngozi, hivyo usipunguze asilimia 5 bali asilimia 20. Yaani kwa kilo moja ya nazi tumia kostiki gramu 146 badala ya 183.

Kabla ya kuchanganya

Vaa glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Si ndala. Buibui pana na ushungi unaoning'inia ufungwe vizuri nyuma, usije ukaingia kwenye chombo. Watoto wapelekwe kwa jirani au wafungiwe mlango. Kumwambia mtoto "usisogee" hakutoshi. Fanya kazi uani penye hewa, ukiwa upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwenye chombo, kwa sababu kostiki ikikutana na maji hutoa mvuke unaokaba koo.

Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nene inayostahimili moto. Sufuria zetu za kawaida za alumini ni marufuku! Kostiki hula alumini, hutoa gesi inayoweza kushika moto, na chombo hutoboka. Kioo nacho si salama, kinaweza kupasuka kwa joto. Na vyombo utakavyovitenga kwa sabuni visirudi jikoni tena, hata mwiko.

Sasa kumbuka hili kama unavyokumbuka jina lako: kostiki humwagwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye kostiki. Ukimwaga maji juu ya kostiki, tone la kwanza huchemka papo hapo na kurukia usoni. Weka maji ya baridi kwenye chombo, nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Maji yatapata moto yenyewe bila jiko, hata kufikia nyuzi joto 80 na zaidi. Yaache yapoe mpaka chombo kikiguswa kwa nje kiwe vuguvugu, kama nyuzi 40. Nayo mafuta yapashe yayeyuke yote, kisha yaache yafike kwenye uvuguvugu huohuo.

Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta taratibu ukikoroga upande mmoja. Kwa mwiko itakuchukua nusu saa hadi saa nzima, kwa mashine ya kusagia ya mkono ni dakika chache. Dalili ya kushika ni pale uji unapokuwa mzito kama uji wa lishe, ukiinua mwiko tone linaloanguka huacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo ndipo pa kutia manukato, ukitaka. Wapenzi wa karafuu wawe waangalifu, kwani mafuta ya karafuu, yawe ya ua au ya makonyo, hufanya uji ugande ghafla ukiwa bado kwenye chombo. Wengi wameachwa na ndoo ya sabuni wasijue la kuifanya. Isitoshe karafuu ni kali kwa ngozi. Gramu 5 kwa kilo ya mafuta inatosha, na uwe na kibati tayari pembeni.

Mimina kwenye boksi la mbao au la plastiki ulilolitandika nailoni, funika kwa kitambaa, acha siku moja au mbili, kisha kata kwa kisu ukiwa bado umevaa glavu. Sabuni hiyo bado ni changa.

Wiki nne hadi sita

Subira hapa ndiyo inayotenganisha mtengenezaji na mchafuzi. Panga vipande juu ya mkeka au chanja, kila kipande kipate hewa pande zote, kivulini, na uvigeuze kila baada ya siku chache. Wiki nne ni kiwango cha chini, sita ni bora, na wakati wa masika pwani zinaweza kuzidi. Kugeuka kwa mafuta kuwa sabuni kwenyewe humalizika mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, lakini maji hayajatoka. Sabuni ambayo haijakauka huisha haraka na ni kali zaidi. Namwelewa mama ambaye ametia mtaji wake wote na anataka auze kesho. Basi atengeneze kidogo kidogo kila wiki, ili baada ya mwezi na nusu kila wiki awe na iliyokomaa.

Utando mweupe kama vumbi juu ya sabuni usikutishe, hiyo ni magadi madogo yaliyotokana na hewa, hufutika kwa kitambaa chenye maji. Lakini ukikata ukakuta mifuko ya maji ndani, au punje nyeupe ngumu zinazong'aa, au mafuta yamejitenga juu, hiyo ni hatari kwani kostiki haikuchanganyika sawasawa. Usiiuze na usiitumie. Njia ya kupima ni kulowesha kidole, kukipitisha juu ya sabuni, kisha kugusisha ncha ya ulimi kidogo tu. Ikirusha kama unapogusa betri, kostiki bado ipo. Ikionja kama sabuni tu, imekaa sawa. Pima hivyo baada ya siku kadhaa, sio siku ya kukata.

Ikitokea ajali

Kostiki ikikurukia mwilini, vua nguo iliyolowa haraka na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Kama ni maganda makavu, yapanguse kwanza kabla ya maji. Watu wamezoea kukimbilia siki au ndimu kwa hoja kwamba tindikali huua magadi. Ni kweli huua, lakini kitendo hicho chenyewe hutoa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua, na unapoitafuta siki muda unapita. Siki ni ya kufutia meza. Ikiingia jichoni, fungua kope na umwagie maji safi dakika 20 hadi 30 bila kukatiza, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Kostiki huendelea kuzama ndani wakati wewe unaona nafuu.

Mtu akimeza, usimtapishe. Ikipanda itaunguza mara ya pili mahali palepale. Usimlazimishe maziwa, wala ndimu, wala mafuta. Msukutulishe mdomo ateme, mpeleke hospitali saa ileile, na uende na pakiti ya kostiki au ile chupa ili daktari ajue alichokunywa. Mdomo usiokuwa na vidonda si ushahidi kwamba ndani pako salama.

Na njia ya kuzuia yote haya ni nyepesi. Changanya maji ya kostiki ya sabuni ya siku hiyo tu, yasibaki. Kostiki kavu iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kusokota, liandikwe SUMU kwa herufi kubwa, lifungiwe kabatini mahali mtoto hafiki. Kamwe isiingie kwenye chupa ya maji, ya soda, wala kopo la maziwa.

Namna ya kuitumia

Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku ngozi zetu hukutana na maji kuliko za watu wengi. Wenye ngozi kavu hulalamika visigino na vidole kupasuka, na huwa wanailaumu udhu. Aghalabu mkosaji ni sabuni kali inayotumika kila mara. Udhu wenyewe hauhitaji sabuni. Tumia sabuni baada ya chooni, kabla ya kula na kupika, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, na mikono inapokuwa na uchafu, kisha ikaushe na upake mafuta kidogo. Wakati wa kunawa sugua mikono kama sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, halafu suuza sana. Sabuni iliyosuuzwa vizuri haiachi kizuizi cha maji kufika kwenye ngozi. Mafuta mazito na rangi ya kucha ndivyo vya kuangalia.

Huhitaji sabuni yenye "dawa ya kuua wadudu". Sabuni ya kawaida hunyanyua uchafu na vijidudu kutoka kwenye ngozi vikaondoka na maji, na baadhi ya virusi, vikiwemo vile vya korona, huvunjika kabisa kwa sababu gamba lao ni la mafuta. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwapiga marufuku wenye viwanda kuuza sabuni za kunawia zenye triklosani na viambato vingine 18, kwa kuwa walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba ni bora kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Sabuni ya mkono, hata iliyokomaa, ina ukali wa kipimo cha 9 hadi 10, wakati ngozi yetu iko kama 5.5. Mtu mwenye afya haimdhuru, ngozi hujirudi yenyewe. Lakini mtoto mchanga, mwenye pumu ya ngozi, na mwenye vidonda wazi wasiitumie bila ushauri wa daktari. Akina mama na mabinti, naomba mnisamehe kwa kulitaja: katika kujistanji, sehemu za ndani haziwekwi sabuni yoyote, iwe ya mwarobaini, ya mwani au ya dukani. Pale pana tindikali yake ya asili inayozuia maradhi, na sabuni huiondoa. Maji matupu yanatosha, na sabuni iishie nje.

Kuna faida nyingine kwetu ambayo haizungumzwi sana. Anayetengeneza mwenyewe anajua mafuta gani yamo. Sabuni nyingi za kiwandani hutumia shahamu za wanyama, na pakiti haisemi ni mnyama gani wala amechinjwaje. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mafuta najisi yanapogeuka kuwa sabuni; wa madhehebu ya Hanafi huona kwamba kugeuka huko hutoharisha, na Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hawalioni hivyo. Mimi ni mtu wa safu ya afya, la hukumu muulizeni sheikh wenu. Ninachosema ni kwamba sabuni ya nazi na mawese inakuondolea swali lenyewe. Vilevile mahujaji wanaokwenda kuhirimia hutafuta sabuni isiyo na manukato na huwa shida kuipata. Kikundi kitakachotengeneza vipande bila harufu na kuviandika hivyo wazi kitapata wateja kila msimu.

Kwa wanaouza

Usiandike kwenye karatasi kwamba sabuni yako inatibu fangasi, inaondoa chunusi au inang'arisha. Nimeona sabuni ya mwarobaini yenye orodha ya maradhi tisa, utadhani ni kadi ya zahanati. Andika mafuta uliyotumia, manukato, uzito, na tarehe. Kuhusu kung'arisha, kaa mbali kabisa na yeyote atakayekuletea unga wa kutia ili ngozi iwe nyeupe. Zebaki ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye sabuni za namna hiyo, nayo huharibu figo na hupita kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi na sabuni zenye zebaki. Mkataba ni karatasi, na masoko yetu mnayajua.

Vipodozi kwa Tanzania Bara vilihamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Kwa mjasiriamali mdogo ni vyema kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa wake, ambako kuna mafunzo na watamwelekeza njia ya kufika TBS. Ndugu zetu wa Zanzibar waende ZFDA.

Kuitunza

Kipande cha mkono kikikaa kwenye kisahani chenye maji huwa uji kwa siku mbili, mtu akasema sabuni mbovu. Kiweke juu ya kitu kinachopitisha maji: kisahani chenye matundu, kipande cha dodoki, au makumbi ya nazi, mbali na maji ya ndoo yanayoruka. Kipande kikubwa kikate viwili, nusu itumike na nusu ikae kavu. Familia yenye watu wengi iwe na vipande viwili vya kupokezana ili kila kimoja kipate kukauka.

Sabuni ya akiba ifungwe kwa karatasi au kitambaa cha pamba, isifungwe kwenye nailoni ikiwa bado changa kwani itatoa jasho na kuota ukungu. Ikitunzwa hivyo hukaa mwaka mmoja bila tatizo. Ukiona madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya mafuta yaliyoharibika, yale mafuta yaliyobaki bila kugeuka yameoza. Alizeti nyingi huleta hali hiyo mapema. Haina sumu, ila hakuna atakayeipenda mwilini, itumie kusugulia sakafu. Na vile vijipande vidogo vinavyobaki mwishoni usivitupe. Vitie kwenye mfuko wa kitambaa au ndani ya dodoki, ufunge, uogee hivyohivyo mpaka viishe.

Sabuni ya maji ya kupikwa kwa potashi ina hesabu yake nyingine na hatari zake nyingine. Hiyo tuiachie wiki ijayo, InshaAllah.